Pikapu Iliyokunywa Mafuta ya Nyonyo

Nimechoka kusimamishwa sokoni. Tangu nirudi siwezi kuvuka kutoka karakana yangu kwenda kununua misumari bila mtu kunishika mkono na kuniuliza kama ni kweli gari lilinyweshwa mafuta ya nyonyo, na kama ni kweli nilimkimbiza mama mkwe wangu porini mbele za watu. Wengine wameongeza simba. Simba hakuwapo. Basi leo nimekaa kwenye meza yangu mwenyewe niandike mambo yalivyokuwa, karatasi hizi zizungushwe kwa wote walioniuliza, na atakayenisimamisha tena baada ya hapo lazima aagize kabati.

Kwa asiyeijua nyumba yangu: mimi ni Elia, fundi seremala wa hapa Kiomboi. Madawati wanayokalia watoto wenu shuleni yametoka mikononi mwangu. Mke wangu Raheli kwao ni Mitundu, mbali kule kusini ya reli, kwa watu wa asali. Mwaka juzi mimba yake ya kwanza iliharibika, na siku ile alikuwa na mimi na jirani tu. Mama yake alipata habari baada ya mwezi. Safari hii tumbo lilipokuwa kubwa Raheli alinitazama akasema, "Elia, sitaki kanga, sitaki kitanda kipya. Nikiingia chumba kile, nataka mama awe mlangoni." Nikaahidi. Niliogopa sana nilipoahidi, na niliogopa zaidi siku zilipokaribia, maana kutoka hapa hadi Mitundu si mwendo wa kwenda na kurudi kama kuchota maji.

Ndipo mwenye duka mmoja wa hapa, ambaye mnamjua na sitamtaja, akanunua pikapu ya dizeli. Alitaka iende Itigi kuchukua mizigo iliyokuja kwa treni, kisha ishuke Mitundu kuleta asali na nta. Nikaomba nafasi ya kwenda, na nafasi mbili za kurudi.

Kiomboi hadi Itigi: nikiwa bado bwana mkubwa

Kwenda nilikaa mbele, kiwiko dirishani, nikiwapungia mkono watu ambao hata siwajui. Dereva alikuwa Athumani, mtu wa Singida mjini, mnene kidogo, mcheshi, aliyeendesha malori ya petroli tangu wakati wa vita. Pikapu hii alikuwa nayo wiki mbili tu.

"Petroli namjua kama mke wangu," aliniambia. "Huyu wa dizeli bado tunasalimiana. Hana plagi, fundi. Hana cheche. Anajichoma mwenyewe ndani kwa ndani, kama mtu mwenye wivu."

"Sasa unamzimaje?"

"Kwa kumnyima chakula. Tazama." Akavuta kishikio cheusi kwenye dashibodi, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Akakirudisha ndani. "Petroli ukizungusha ufunguo, amekufa. Huyu mpaka umfungie jiko."

Nilicheka, nikasahau. Ningekumbuka maneno yale ya jiko, leo msingekuwa na la kuniuliza.

Tulilala Singida, ambako upepo ulinivua kofia mara tatu kabla sijapata ugali, kesho yake tukaingia vichaka vya Itigi. Aliyepita kule anajua: vimesukana hata mbuzi hufikiri mara mbili, na njia imepita katikati kama mstari wa kuchania nywele. Itigi treni ilikuwa haijafika. Tuliambiwa itafika mchana, ikafika kesho yake. Tulikaa stesheni tukinywa chai na maandazi magumu ya mama mmoja, ambaye kila tulipomwuliza habari za treni alijibu kwamba ameolewa, ana watoto wanne, na hajawahi kuiona ikifika kwa wakati.

Mitundu: napoteza kiti

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo ninyi mnalijua lakini wajukuu wenu huenda wakalisahau. Kwetu mkwe ni mkwe. Simtazami mama yake Raheli usoni, siketi naye mkeka mmoja, sili akiniona wala yeye hali nikimwona, na kitu chake hakiguswi na mkono wangu. Kwao ni vivyo hivyo, tena wao wamekaza zaidi. Tangu nioe nilikuwa nimemwona mama huyu mara mbili, na mara zote mbili niliona miguu.

Kwa hiyo Athumani alipopaki mbele ya nyumba, mimi nilisimama nyuma ya gari nikitazama gurudumu.

"Shikamoo, mama," Athumani akasema.

"Marahaba, baba. Mwambie mkwe kwamba nimefurahi amefika."

Mkwe huyo alikuwa hatua nne kutoka kwake.

"Fundi," Athumani akanigeukia, "mama amefurahi umefika."

"Mwambie mama nashukuru, na Raheli anamsalimu, na anamngoja."

"Mama, anashukuru, na Raheli..."

"Nimesikia," mama akasema. "Lakini asante kwa kuniambia."

Alikuwa tayari amefunga safari. Alikuwa na mkoba mmoja wa ngozi, wenye mkanda mrefu, na ndani yake mlikuwa na mbeleko laini ya ngozi ya mbuzi, shanga, na kibuyu kidogo cha mafuta ya kumpaka mtoto. Nilijua yaliyomo kwa sababu alimweleza Athumani kwa sauti ya kunifikia mimi, akaongeza kwamba vitu vya mtoto ambaye hajazaliwa haviwekwi chini. Vitakaa mapajani mwake hadi Kiomboi.

Mbele ya pikapu wanaenea watatu kwa kubanana. Kubanana na mkwe! Nikapanda nyuma mwenyewe kabla ya kuambiwa. Huko nilikuta madebe ya asali, magunia ya nta, mbao mbili za mninga nilizonunua, na nyuki wapatao thelathini ambao hawakukubali kwamba ile asali imeuzwa.

Mitundu hadi Singida: njaa ya heshima

Nyuki walitusindikiza mpaka karibu na Itigi. Gari likienda walibaki nyuma, likisimama walinifikia. Athumani aliposhuka kukagua matairi nilimsihi asikague sana.

"Wewe una nyuki," akanijibu kwa sauti ya chini, "mimi nina mama mkwe wako. Ananitazama mikono. Nikibadili gia anatazama, nikivuta breki anatazama. Kama vile nimeiba kitu na yeye anangoja nikitoe mfukoni."

Kufika Ikungi tulinunua kuku wa kuchoma na viazi vitamu. Athumani aligawa kwa haki, paja langu nyuma, paja la mama mbele. Lakini kile kijidirisha cha nyuma ya dereva kilikuwa wazi. Mimi nikaona kisogo cha mama, nikajua akigeuka ataniona natafuna. Nikaweka paja langu juu ya debe. Mama naye, kama alivyokuja kueleza, alijua kwamba nikiinua macho nitamwona. Akaweka lake kwenye dashibodi. Athumani alimwuliza kama ameshiba, akasema ameshiba. Akaniuliza mimi, nikasema nimeshiba. Basi Athumani akala mapaja yote mawili, akatusifu kwa kujizuia, akaendesha huku akiimba. Mimi nilimeza mate hadi Singida.

Pale Singida hakuna tena cha kuchekesha kwa muda. Kwenye nyumba ya kulala nilikuta barua fupi kutoka kwa mwenzangu wa karakana, ameituma na lori lililotoka Kiomboi. Iliandikwa kwa penseli ya seremala: *Raheli amelazwa hospitali tangu jana. Bado, lakini si mbali. Anamwuliza mama yake kila saa.*

Nilimpa Athumani amsomee mama. Mama alisimama akaubana mkoba ule kifuani kwa mikono miwili, na mimi, niliyekuwa natazama miguu yake, niliiona imekwisha kugeukia njia ya Kiomboi. Nilimpenda sana mama yule dakika ile, na hapakuwa na njia yoyote ya kumwambia.

Singida hadi mbele kidogo ya Iguguno: damu ya gari

Tuliondoka alfajiri. Iguguno tuliipita jua likiwa halijakasirika, na nikahesabu: Misigiri, kisha tukunje kulia, na mchana tupo Kiomboi. Ndipo gari likapiga jiwe. Halikuwa kubwa. Nililisikia chini yangu, kisha sikusikia kitu, kisha nikaona barabara nyuma yetu ina mstari mweusi unaong'aa, unatufuata kama mkia.

"Athumani!" Nikagonga paa. "Linavuja!"

Athumani naye alikuwa ameuona mshale wa mafuta ukilala. Akavuta kile kishikio, injini ikafa, akaruka nje kabla gari halijatulia vizuri. Tukaingia uvunguni wote wawili. Nati ya chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nati ya kumwagia mafuta machafu, ilikuwa imechomoka, na tone la mwisho la oili lilinidondokea shavuni.

"Amekufa?" nikauliza.

"Nimemzima mapema. Injini nzima. Lakini hana tone la mafuta, na nati imebaki Mungu anajua wapi."

Tulirudi nyuma kwa miguu tukiitafuta hadi macho yakauma. Mama alibaki kwenye kiti. Tuliporudi Athumani alimfungulia mlango akaomba ashuke apumzike kivulini, kwa sababu kazi ni ndefu. Akashuka. Mkoba wake aliuacha, umening'inia mbele ya dereva, haukugusa kiti wala sakafu. Mwenye boma lililokuwa kando ya barabara, mjane mmoja anaitwa Mama Shani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, alitaka kumbebea.

"Uache, mwanangu," mama akasema. "Haushikwi na kila mkono. Hapo ulipo umepata mahali pazuri."

Basi ukaachwa.

Bomani kwa Mama Shani: mafuta ya bi harusi

Nati ilikuwa kazi yangu, na hapa naomba mnisifu kidogo maana hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Nilikata kipande cha mninga kwenye mbao zangu, nikakichonga kwa kisu, chembamba mbele kinene nyuma, nikakizungushia ukanda wa ngozi ya mbuzi, nikakigongea kwenye tundu. Nikamimina maji ndani ya injini kukijaribu, kabla Athumani hajanizuia kwa ukelele uliowaamsha mbwa. Nilikuwa sijui kwamba injini na maji hawapatani. Maji yakafunguliwa yote, yakakaushwa, kizibo kikarudi, hakikuvuja hata jasho.

"Sasa oili," Athumani akasema. "Galoni moja na nusu hivi. Singida ipo. Na Singida tumetoka."

Mama Shani alikuwa amesimama juu yetu, mikono kiunoni. "Mnataka mafuta ya namna gani?"

"Mazito, mama. Yanayoteleza, yasiyokauka upesi kwenye moto."

"Nyonyo," akasema.

Athumani akacheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa juu ya jiwe akafikiri. Alisema wakati wa vita alimsikia fundi mmoja wa jeshi akisema kwamba hata ndege zimewahi kupakwa mafuta ya nyonyo matumboni. "Kuuliza si ujinga," akasema, "lakini hapa hakuna wa kumwuliza."

Mama Shani aliita. Nawaambieni, sauti iliwafikia watu hadi ng'ambo ya kilima. Wanawake wakaja na vibuyu, kila mmoja na mafuta yake ya kujipaka, mengine mapya, mengine ya tangu mavuno, mengine yametiwa manukato ya mizizi. Kila aliyemimina alitoa maneno. Mmoja alisema haya yalikuwa ya binti yake anayeolewa mwezi ujao, gari likumbuke wema. Mwingine alitaka kujua kama gari litang'aa. Tulichuja kwa kitambaa, tukajaza hadi alama. Nilipoifunga bonneti, harufu iliyotoka ilikuwa ya watu waliojipaka kwenda ngomani.

Athumani akaingia, akatazama mkoba wa mama ulioning'inia pale mbele yake, akauinamia kwa heshima bila kuugusa, akagusa stata. Injini ikazunguka: *wu-wu-wu-wu*. Haikushika. Akajaribu tena. *Wu-wu-wu.* Tena. *Wu... wu.*

Mama Shani akatazama wanawake wenzake. "Limekataa mafuta yetu?"

Bado pale pale: penye wengi

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwa na gari.

Athumani alifikiri hewa imeingia kwenye dizeli. Akalegeza bomba kwenye chujio, akapampu kwa mkono, dizeli ikatoka safi, haina povu. Bomba za juu hakuzifikia, hakuwa na spana yake. "Chakula kipo jikoni," akasema, "lakini mgonjwa hali." Wakaja wanaume. Wa kwanza alisema betri. Wa pili alisema gari limechukia kizibo cha mti, na wote wakanigeukia. Wa tatu alisema mafuta ya bi harusi hayakupaswa kuguswa. Tukalisukuma watu kumi na wawili hadi mteremko mdogo, likashuka kwa heshima zake zote, likasimama chini likiwa kimya kama lilivyoanza.

Mchana akapita Mzungu mmoja na gari lake dogo. Alisimama, lazima niseme, kwa wema kabisa. Akafungua bonneti, akakunja mikono ya shati, akatafuta kitu kwa muda mrefu, akatafuta upande huu na upande ule, uso ukazidi kuwa mwekundu. Mwisho akainuka.

"Nani ameiba plagi zote?" akauliza.

Athumani alijaribu kumweleza kwamba huyu hana plagi, amezaliwa hivyo. Bwana yule aliona anafichwa jambo. Akatoa kitabu kidogo akaandika, akatushauri tukaripoti wizi Singida, akaondoka na vumbi lake.

Nilicheka pamoja na wengine. Kisha nikatembea nyuma ya boma, nikashika mti, nikalia. Ndivyo ilivyokuwa, sifichi. Nilimwona Raheli akiugeukia mlango kila unapofunguka. Nilijiona mimi nikiingia peke yangu na mbao mbili za mninga. Tena gari la watu, niliamini, nilikuwa nimeliua kwa kizibo changu.

Nilipogeuka, niliona miguu ya mama. Alikuwa amekuja akasimama mbali kidogo, amenipa mgongo, kama inavyotakiwa.

"Athumani hayupo hapa," akasema, akiuambia ukuta wa boma. "Kwa hiyo nauambia ukuta huu. Ukuta, mwambie mkwe kwamba punda yupo. Mama Shani anatoa punda wake. Nitaanza kwenda sasa, nikifika kesho nimefika. Gari likiwaka litanikuta njiani."

Nikafuta uso. "Ukuta," nikasema, "mwambie mama asante."

Kutoka bomani: punda na dizeli

Punda alikuwa mwekundu kidogo, mwenye sikio moja lililokatwa, na alinitazama kama mtu aliyesikia habari zangu. Mama Shani alimwekea ngozi mgongoni. Mama akaenda kwenye gari kuchukua mkoba wake. Nilimwona kwa mbali akiinama mlangoni, akiuondoa mkanda taratibu, akigusa hiki na kile kama mgeni anayepanga nyumba ya watu kabla ya kuaga. Kisha akapanda punda, mkoba kifuani.

Athumani, uso umeanguka, aliomba watu walisukume gari liingie uani, lisilale barabarani. "Mimi nashika usukani tu," akasema. Tukasukuma. Uani palikuwa na mteremko kidogo. Na dereva ni dereva: mkono ukatia gia wenyewe, mguu ukaachia klachi wenyewe, bila yeye kutumaini chochote.

Pikapu ikanguruma.

Haikuwaka kwa aibu. Iliwaka kwa kishindo, moshi mweupe wenye harufu ya bi harusi ukajaa uani, gari likaruka mbele, likapanda tuta la mihogo, kuku wakaenda juu ya paa, na Athumani akapiga kelele za furaha badala ya kupiga breki. Punda hakuwahi kusikia kitu kama kile. Akatoka mbio. Akatoka mbio na mama mkwe wangu, kurudi njia ya Singida.

Sasa mnielewe, ndugu zangu. Kumkamata punda maana yake ni kumfikia mkwe, pengine kumshika. Kutomkamata maana yake ni kumwacha arudi Mitundu. Nilikimbia. Nilikimbia nikitazama mchanga, nikifuata kwato, watu nyuma wakishangilia, na hiyo ndiyo habari mliyoisikia sokoni. Nilimshika punda mkia. Aliniburuta, akachoka, akasimama. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, macho yangu ardhini kabisa, sikuvunja mwiko wowote.

Juu yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla. Mama alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi.

Misigiri hadi Kiomboi: kishikio

Hatukusimama tena. Mimi nyuma, mama mbele, mkoba mapajani, nyonyo ikinukia njia nzima. Kizibo changu kilishika. Tuliingia Kiomboi jua likielekea kuzama, tukaenda moja kwa moja hospitali, na Raheli alikuwa barazani, amesimama ameshika ukuta, mguu mmoja mbele, akipumua kwa mdomo. Wauguzi walikuwa wakimsihi aingie. Alikuwa amekataa.

Alipoona nani anashuka alisema "Mama" mara moja tu, akaachia ukuta. Mama hakukimbia. Alitembea upesi, akamshika kiuno, wakaingia pamoja. Mlango ukafungwa. Nilikuwa bado nyuma ya gari na asali, na machozi yangu yalikuwa yanatoka nikiwa nacheka.

Athumani akavuta kishikio kuzima injini. Injini ikanyamaza. Lakini hakukirudisha. Akabaki amekishika, akikitazama, akakigusa kwa kidole pale mkanda wa mkoba ulipokuwa.

"Fundi," akaniita polepole. "Kule njiani nilipovuta hiki, nilikirudisha?"

Tulitazamana. Kisha tukatazama mlango wa hospitali. Siku nzima mkoba wa mama ulikuwa umeningʼinia juu ya kishikio kilichovutwa, umelifungia gari jiko, na sisi tukasingizia betri, hewa, mti, na mafuta ya bi harusi. Tukaapa pale pale kwamba mama asijue kamwe. Mgeni wa heshima haaibishwi. Tungesema nyonyo ilihitaji muda kuzoea, na ndivyo nilivyowaambia wengi wenu. Mnisamehe.

Mtoto alizaliwa kesho yake asubuhi, msichana, mwenye sauti ya Mama Shani. Nilikuwa nimekaa barazani nikila muhogo, mama akatoka. Nikageuka upesi, muhogo nikauficha.

"Geuka," akasema. "Na ule. Mtoto amekwisha kuja, mimi sasa ni bibi yake. Ule mwiko umepungua makali."

Nikageuka. Ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba Raheli ana macho ya mama yake, yale yasiyopitwa na kitu. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye ile mbeleko ya ngozi.

"Kile kitu cheusi cha gari," mama akasema. "Mwambie Athumani awe anakirudisha. Kila alipozima alikirudisha ndani kabla ya kuwasha. Siku ile hakukirudisha. Nilifikiri amekiacha makusudi, ili gari lisije likawaka ninyi mkiwa chini yake. Kimechomoza vizuri, nikatundika mkoba. Nilipoondoka nikakisukuma nilivyokikuta asubuhi. Mtu haachi nyumba ya watu wazi."

Nikaacha kutafuna. "Mama," nikasema, nikimwita hivyo usoni kwa mara ya kwanza, "ulikuwa unajua? Kwa nini hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Wewe ulisema na Athumani. Athumani alisema na gari. Mimi tangu Mitundu niliulizwa neno moja tu, kama nimeshiba, na sikuwa nimeshiba."

Kisha akasogea, akamtoa mtoto kwenye mbeleko, akanyoosha mikono.

"Haya, mpokee. Na lolote usilolijua kuhusu huyu, usimwulize Athumani."

Nikaweka muhogo chini, nikafuta mikono kwenye suruali, nikamwuliza pale pale kichwa kinashikwaje.